Mstari wa Juu Haukuwa Wangu

Siku redio ilipotutangazia vita, nilikuwa na nazi arobaini na sita juu ya gunia, pale Temeke. Nilikuwa nimezihesabu mara mbili. Mie huhesabu kila kitu mara mbili, na watu hudhani ni ubahili. Asiyejua kuandika hana pa kuweka hesabu zake ila kichwani, na kichwa kinavuja.

Asubuhi hiyo ilikuwa kama nyingine. Mama mmoja alichukua nazi, akaitikisa sikioni, akanuna.

"Hii haina maji."

"Ina maji kuliko bomba la mtaani kwenu, mama."

"Bomba la kwetu limekauka tangu juzi."

"Sasa unaona sisemi uongo."

Akacheka, akachukua mbili. Nyuma yake akapita Mwajuma, binti aliyemaliza darasa la saba mwaka wa juzi, na ambaye tawi la chama lilikuwa limempa kazi ya kutufundisha watu wazima kusoma. Darasa lilikuwa saa kumi jioni, uani kwa balozi wa nyumba kumi. Kila asiyejua kusoma aliandikishwa, atake asitake.

"Shikamoo, kaka Saidi. Leo utakuja kisomoni?"

"Marahaba. Nitakuja."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Na jana si ulibeba nazi?"

Akaangalia pembeni, akachagua nazi nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu: nazi kwake, alama ya mahudhurio kwangu. Kwa mujibu wa rejesta yake, nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote mtaani. Kwa mujibu wa ukweli, hata jina langu nilikuwa silijui nikiliona.

Mchana redio ikasema nchi imevamiwa kule Kagera. Wiki chache baadaye mgambo tukaitwa. Nazi zilizobaki nilimwachia mke wangu, kumi na tisa, nikazihesabu mara mbili nikiwa nimeshavaa viatu.

*

Miaka mitano baada ya vita nilikuwa mwanachuo. Usishangae, hata mie nilishangaa. Nilirudi kutoka vitani nikijua kusoma, nikaunganisha na madarasa ya jioni, nikachaguliwa kwenda kusomea ualimu wa kisomo katika chuo kimoja njia ya Pugu. Mkufunzi wetu wa uandishi alikuwa Mwalimu Foibe, mwanamama wa bara, mpole wa sauti na mkali wa penseli. Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa hii: eleza jinsi ulivyojifunza kusoma na kuandika. Nani alikufundisha, wapi, kwa namna gani.

"Mtaiandika mara tatu," alisema. "Ya kwanza mtaandika kunifurahisha mimi. Na mimi sifurahi haraka, ndugu zangu."

Karatasi zilikuwa adimu. Binamu yangu aliyekuwa kuli Kurasini aliniletea fomu za zamani za bandarini, zilizochapwa upande mmoja. Niliandika nyuma yake.

Rasimu ya kwanza nilimaliza kwa jioni moja. Niliandika kwamba nilifundishwa uani kwa balozi na binti wa darasa la saba, chini ya juhudi za taifa za kufuta ujinga. Niliweka juhudi mara sita na ujinga mara tisa. Nilijiona nimeuza.

Mwalimu Foibe aliirudisha na mstari mmoja wa penseli chini: *Mwalimu wako hana uso. Alikuwaje?*

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mwajuma alikuwa na uso, tena mzuri, lakini haukuwa uso wa mwalimu wangu. Mwalimu wangu alikuwa na pengo la jino la juu, na kabla hajaandika alikuwa anapuliza karatasi kana kwamba ni chai ya moto. Uso huo nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote, hata mke wangu.

Rasimu ya pili nilimweka. Pengo, kupuliza, vyote. Ila nilimvika sare yetu. Nikamwita koplo wa Songea, mwenzangu wa kikosi, aliyenifundisha wakati wa mapumziko.

Ikarudi: *Sasa namwona. Yuko wapi leo?*

*

Aliitwa Odong, na alikuwa mateka.

Tulikwenda kwa treni mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Mie sikuwa shujaa, na sikuomba kuwa. Kule mbele, sajini mmoja aliuliza nani anaweza kulinda bohari bila kuiba. Nikamwambia naweza kumtajia kilichomo humo ndani bila karatasi. Akanijaribu. Nikamtajia mablanketi, masufuria, madebe, mpaka vifuniko vya masufuria. Akanipa kazi hapo hapo. Wenzangu walikwenda kwenye mahandaki; mie nikabaki nyuma, kwenye shule iliyoezuliwa paa na kombora, nikilinda vitu na mateka kumi na mmoja waliokuwa wakipika na kuteka maji. Nafasi kama ile, vitani, huiachii.

Mateka nao nilikuwa nawahesabu asubuhi na jioni. Mara mbili mbili.

Kila mmoja wao aliapa kuwa si askari. Ukiwasikiliza, jeshi la adui lilikuwa la wapishi na wachukuzi watupu. Odong alisema yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitolewa darasani na askari wa kwao akabebeshwa masanduku, akakamatwa pamoja nao akiwa na koti la jeshi lililomfika magotini. Sikumwamini. Siku moja akanikuta nachora vijiti kwa mkaa ukutani, kijiti kimoja kwa kila debe.

"Kwa nini huandiki, askari?"

Kiswahili chake kilikuwa cha reli; babake aliwahi kufanya kazi kwenye reli huko Kenya. Tulikuwa tunakicheka.

"Andika wewe unayejua."

"Leta karatasi."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna asiyetaka kitu, bwana. Taja bei yako."

Akafikiri. "Basi chumvi."

Tukakubaliana: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, somo moja. Daftari nililiokota kwenye kifusi cha darasa. Akalipuliza vumbi, akaniuliza ninataka kuandika neno gani kwanza. Wengine, alisema, huanza na jina lao, wengine na mama.

"Mablanketi ishirini na mawili," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini aliandika. Mkono wake ulikuwa mzuri, herufi zimesimama kama zimepangwa foleni. Aliandika kwenye mstari wa juu, nami nikanakili kwenye mstari wa chini, herufi zangu zikiangukiana. Kesho yake masufuria saba. Halafu madebe. Halafu masanduku ya risasi, kumi na manne. Nilitaka kuandika nilichokuwa nakihesabu, basi. Sikuwa na maneno mengine niliyoyapenda.

Ikapita miezi miwili hivi. Siku moja niligundua kuwa nimesahau kumpa chumvi, naye amesahau kuidai. Siku hiyo nilisoma maneno yaliyobaki ubaoni mwa shule ile, nusu yake ikiwa imechunwa na vipande vya kombora: *Usafi ni afya*. Niliyasoma mara mbili. Nilitaka kumkumbatia mtu na hapakuwa na wa kumkumbatia ila mateka.

Daftari lilikaa kwake, chini ya mkeka wake. Mie ndiye niliyemwomba alitunze. Nilijua wenzangu wangeniambia nini: mgambo wa Temeke, anafundishwa a-e-i-o-u na adui.

*

Kisha makombora yakaanza kuanguka karibu na bohari.

La kwanza asubuhi. La pili kesho yake, saa ile ile, hatua chache kutoka jikoni. Mateka mmoja akajeruhiwa bega.

Sajini akasema kuna mtu anawapelekea adui habari.

Mateka wakapangwa mstari. Mikeka ikafunuliwa.

Daftari likatoka.

Sajini alilifungua, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Mablanketi. Madebe. Masanduku ya risasi kumi na manne. Kila kilichokuwamo kambini, kwa idadi, kwa mkono safi.

"Hii ya nani?"

"Yangu," alisema Odong.

"Umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na hii ya chini?" Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wangu. "Huu ni mkono mwingine."

Odong hakuniangalia. Ndilo jambo ambalo sijamsamehe, kama kuna mtu wa kusamehewa hapo. Angeniangalia, labda.

"Ni mimi pia. Mkono ulikuwa na baridi."

Sajini akanigeukia. "We mgambo, ndiye unayewalinda. Uliwahi kuiona hii?"

Niliiona hesabu yote kwa mpigo, mie mtu wa sokoni. Upande mmoja bohari, ukuta, sufuria ya uji. Upande wa pili handaki, au adhabu nisiyoijua. Na katikati mtu mwenye koti refu.

"Mie sijui kusoma, afande."

Maneno hayo yalikuwa kweli maisha yangu yote mpaka miezi miwili iliyopita. Yalinitoka kwa urahisi, yalikuwa yamezoea njia.

Sajini aliniamini. Nani angeona ajabu? Akaamuru Odong apelekwe nyuma, akahojiwe na wanaojua mambo hayo. Lori lilikuwa linaondoka na majeruhi wetu. Akapandishwa. Nikawahesabu waliopanda, kwa mazoea: tisa. Tisa.

Akiwa juu ya lori alipuliza viganja vyake. Kulikuwa na jua.

Lori lilishuka mteremko, likapinda, likapotea nyuma ya migomba.

Tukasikia bomu la ardhini.

Tulikimbia. Barabara ilikuwa na shimo na lori lilikuwa limelala ubavu. Moshi. Mtu anamwita mama yake, kwa Kiswahili cha kwetu. Tukaanza kuwavuta na kuwaweka juu ya mablanketi, yale yale, nikawahesabu waliokuwa wakipumua.

Watano.

Sikuhesabu tena. Upande wa pili wa lori kulikuwa na wengine wamelala kwenye majani, na askari wa kikosi chetu walikuwa huko nao. Nilikuwa na hatua labda ishirini za kwenda. Sajini aliniita nirudi bohari, kuna mablanketi yanahitajika, na nikarudi mbio kuliko nilivyokuja.

Jioni nilihesabu mateka. Kumi. Kumi. Sikuuliza kitu, na hakuna aliyeniambia.

*

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye rasimu ya tatu, nyuma ya fomu saba za bandari. Ilinichukua wiki tatu. Mke wangu aliniuliza kama ninaandika Msahafu. Nilimaliza kwa sentensi ambayo niliona imetulia: *Mwalimu wangu alikufa siku hiyo, na kila ninachosoma ninakisoma kwa macho yake.*

Safari hii Mwalimu Foibe hakuandika kitu chini. Aliniita ofisini, akanipa kiti. Penseli ilikuwa mezani, hakuigusa.

"Ndugu Saidi, sijui niseme pole au nini."

"Usiseme kitu, mwalimu."

"Niulize moja tu?"

"Uliza."

"Hapa mwisho umeandika alikufa. Ulimwona?"

"Nilihesabu."

"Mara ngapi?"

Nilitazama dirishani. Wanachuo walikuwa wanapalilia mihogo ya chuo, mmoja anawachekesha wenzake kwa kumwigiza mkuu wa chuo. Kwa Mwalimu Foibe sikuwa na bei ya kutaja.

Ilikuwa mara moja. Katika maisha yangu nimehesabu nazi za watu, vifuniko vya masufuria, mabati ya jirani, hata watoto wangu wakilala. Siku ile nilihesabu mara moja nikaondoka, kwa sababu hesabu ya pili ingenilazimu kuzunguka lori. Ningemkuta amekufa, nijue nimemuua kwa maneno manne. Au ningemkuta hai, na angeniangalia, na ningelazimika kumwambia sajini ni nani aliyeandika mstari wa chini. Katika hayo mawili, la pili ndilo nililoliogopa zaidi. Nimechukua miaka mitano kulijua hilo, na pengine nisingelijua kama mwanamama yule angeridhika na sentensi yangu.

Mtu aliyekufa hadai kitu. Ndiyo maana nilimuua kwenye karatasi. Kwao kulikuwa na shule, na darasa aliloliacha katikati ya somo. Kama alipona, huenda alirudi akamalizia somo lile. Kama hakupona, kuna watu kwao ambao hadi leo hawajaambiwa. Ningeweza kuuliza. Baada ya vita watu wengi walikuwa wanauliza habari za watu wao, na mie tayari nilikuwa najua kuandika barua. Sikuandika hata moja.

"Nenda nayo," alisema Mwalimu Foibe. "Uirudishe Jumatatu."

Nilibadilisha sentensi ya mwisho tu. Nilikata ile ya macho yake, ilikuwa nzuri mno kwa mtu kama mie. Juu nikaandika, kwa herufi nilizojitahidi zisimame kama zake: *Mwalimu Odong alipona au alikufa?* Chini yake, kwenye mstari wangu, kwa mkono wangu, nikajibu *sijui*. Nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma na ya pili, nikampelekea.