Matanga ya Bwana Kibogoyo

Ardis Zastrow aliwahi kuangamiza kijiji kizima kwa wiki moja, huku mchana akiwapikia watoto wa shule viazi vya kuponda, wala usingizi haukumpungua. Ndiyo kazi yake ya pili hiyo, kuandika hadithi za wanyonya damu. Lakini yuko mmoja ambaye Ardis alikataa katakata auawe, na kwa ajili ya huyo mji mdogo wa Almendorf, kule Wisconsin penye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura, ulifanya matanga ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Vitabu vyenyewe viliitwa Bonde la Ukungu. Vilikuwa vimefika arobaini na kitu, na waandishi wake walikuwa kundi, wote wakichota kisima kimoja. Ardis akijenga daraja katika kitabu chake, mwenzake alikuwa huru kupitisha jeshi juu yake. Akizua mtu, wenzake waliweza kumwazima. Sharti lilikuwa moja, nalo lilishikwa kuliko amri za kanisani: mtu wa mwenzio unamwazima, unamchosha, hata mguu unamvunja, lakini humuui mpaka aliyemzua akubali kwa kinywa chake. Akishakubali, aliyekufa hafufuki tena katika kitabu cha yeyote, na waandishi wote hukutana kumzika kwa heshima.

Sasa kati ya watu wote wa Bonde, aliyeazimwa mno ni Bwana Kibogoyo, mnyonya damu asiye na jino hata moja. Alizunguka na kikombe chake cha bati akibisha kwa adabu milango ya wachinja nyama, na akikaribishwa aliisifu damu ya ndama kama wengine wanavyosifu kahawa. Wasomaji walimpenda kuliko watawala wote wa Bonde, wanyonya damu wenye meno. Wasichojua ni kwamba Kibogoyo alikuwa na mke huko Almendorf. Ardis alimchota mzima mzima kutoka kwa mumewe, Delmar, mtengeneza jibini mstaafu, ambaye ng'ombe alimpiga teke la mdomo ujanani, na tangu hapo meno yake ya bandia yakawa yanaishi mfukoni zaidi kuliko kinywani.

Ijumaa moja ya Kwaresima, wawili hao walikuwa kwenye baa ya mjini wakila samaki wa kukaanga, kama kila mtu anavyofanya Ijumaa. Akaingia Kurt Wojta, mdogo kuliko waandishi wote wa Bonde, aliyeendesha gari kutoka Milwaukee bila kupiga simu kwanza. Akavuta kiti.

"Mama Ardis, nimekuja kuomba."

"Kama ni chumvi, hiyo hapo."

"Namwomba Kibogoyo."

"Mchukue. Umrudishe tu akiwa mzima."

Kurt akajikuna shingo. "Ndiyo tatizo, mama. Safari hii simrudishi."

Ardis akaweka uma chini. "Hapana."

"Hata hujanisikiliza."

"Nimekusikia. Una watawala chungu nzima mle, wote wabaya, wote wanastahili. Ua hao, uniachie mzee wangu."

"Wakifa hao nani atalia, mama?"

Delmar, aliyekuwa akishughulika na samaki wake kwa ufizi, akainua kichwa. "Ngoja kwanza, kijana. Nakufaje?"

"Delmar, nyamaza ule."

"Si nauliza tu. Anayekufa ni mimi."

Kurt akaona mlango umefunguka, akaingia mzima mzima. Watoto wa mji wanatoroka kupitia darajani, akaeleza, na Kibogoyo anabaki nyuma kuwazuia watawala wasiwafuate. Hana jino wala upanga. Kwa hiyo anawasimulia kisa. Anaanza, anazunguka, anasahau alipofika, anarudi mwanzo, mpaka jua, adui wa wanyonya damu, linawachomozea.

"Yaani nawachosha kwa maneno hadi wanaungua?"

"Ndiyo, mzee. Na wewe unaungua nao."

Delmar akamgeukia mkewe. "Ardis, huyo ni mimi kabisa. Kijana anajua kazi yake."

Ardis akachukua koti lake akatoka nje.

Hakuwa amekasirishwa na Kurt, maskini ya Mungu. Moyo wa Delmar ulikuwa umeanza kuchoka, na baada ya Pasaka madaktari walikuwa wamfungue kifua waurekebishe. Ardis hakuwa mtu wa kuamini ndege wa mikosi, lakini kumtoa Kibogoyo auawe mwezi uleule alikuona ni uchuro wa waziwazi. Delmar alimkuta ndani ya gari, naye kabeba masalio ya samaki kwenye karatasi.

"Unadhani nitakufa."

"Usinichurie."

"Mimi sikuchurii. Aliyekimbia samaki ni wewe."

"Nikisema ndiyo kwa yule, naona kama nimesema ndiyo ufe na wewe."

"Daktari hasomi vitabu vyako, Ardis. Nimemwuliza."

Ardis akacheka bila kupenda. Delmar hakumpa nafasi ya kupumua. "Halafu fikiria. Matanga yangu mimi sitayaona, yawe mwaka huu au lini. Hayo ya Kibogoyo nitakaa mbele na nitakula. Nipe raha hiyo, mke wangu."

Basi Ardis akarudi ndani, akamsimamia Kurt. "Muue," akamwambia. "Lakini ukimfanya alielie kabla ya kufa, nakufuata Milwaukee na mwiko."

Nikwambie mapema usije ukazimaliza kucha kwa kuzitafuna: Delmar alipasuliwa, akapona, na kovu lake amemwonyesha kila mtu mjini, hata wasioomba. Lakini Ardis hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba matangani mwenye marehemu ndiye husimama kumsemea, na kwamba yeye, anayeandika mapenzi ya wanyonya damu kurasa kwa kurasa, hakuwahi kumwambia mumewe neno hilo moja tangu waoane. Watu wa huko ndivyo walivyo. Mtu atakuondolea theluji mlangoni miaka thelathini kabla hajakwambia anakupenda. Na hospitali ilikuwa wiki inayofuata matanga hayo. Asipolitoa neno hilo sasa, huenda asimpate tena wa kumpa.

Walikusanyika Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka kwenye ukumbi wa zimamoto. Waandishi walivaa nyeusi. Mezani kulikuwa na nyama mbichi ya kusaga na vitunguu juu ya mkate mweusi, chakula cha sherehe huko, na siku hiyo kilistahili kuliko siku zote. Wanawake wa kanisa walileta saladi ya viazi bila kuuliza amekufa nani. Delmar alikaa mbele na suti yake, akipokea pole.

"Pole sana, mzee."

"Asante. Ilikuwa ghafla."

Bi Hildegard wa kwaya akamnong'oneza Kurt, "Marehemu ndiye huyo anayekula?"

"Ndiye."

"Mbona amependeza."

Ardis akasimama na karatasi yake ya mizaha. "Kibogoyo alikuwa msumbufu," akaanza. "Alirudia kisa kimoja mara mia, na kila mara ng'ombe alizidi kuwa mkubwa." Watu wakacheka. "Alikoroma. Mlango wa jokofu hakuufunga hata siku moja." Wakacheka tena, isipokuwa waandishi, maana katika Bonde la Ukungu hakuna jokofu.

Ardis akaikunja karatasi.

"Asubuhi za baridi aliniwashia gari lipate joto kabla sijaamka," akasema. "Kila asubuhi, wala hakulitaja. Nilimpenda. Nilimpenda kabla meno hayajang'oka, na yalipong'oka nikazidi. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani anajua."

Delmar aliacha kutafuna, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Marehemu anaruhusiwa kujibu?"

Kurt akasema kanuni hazijalitaja jambo hilo. Delmar akainuka polepole, mkono mmoja mezani.

"Hakujua, Ardis," akasema. "Alikuwa anatumaini tu."

Kisha akavuta kiti cha pembeni yake, na Ardis akaja akakaa.