Toba ya Bakuli la Uji

Juzi binti yangu alirudi kutoka madrasa na neno moja kwenye ubao wake: toba. Wino ulinuka masizi, kama ule wetu wa wakati wa vita.

Siku zile njaa ilikuwa imeshika Kindu nzima. Mama alinipa bakuli la uji wa mchele nimpelekee rafiki yangu Zena, aliyekuwa mgonjwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipofika nyuma ya ukuta nikaunywa wote, nikalamba na bakuli.

Kesho yake nilimwambia mwalimu wa madrasa. Hakunipiga.

“Ufanye toba,” alisema. “Hilo neno lilitoka kwa Waarabu, maana yake njo kurudi. Umurudishie mwenzako kitu yake, umuombe radhi.”

Nikadhani toba ni safari ya nyumba tatu tu. Mchana ule sikugusa uji wangu. Niliubeba kwa mikono miwili, polepole, usimwagike.

Uani kwa kina Zena kulinuka kafuri ya kuoshea maiti. Wanawake walikuwa wanalia chini chini, na mkeka wake ulikuwa umekunjwa. Mama yake akapokea bakuli.

“Aksanti, mutoto wangu. Ni wewe tu ulimukumbuka.”

Nikarudi nyumbani bila kuomba radhi.

Binti yangu aliniuliza maana ya neno lile. Nikamwambia ni kurudi. Sikumwambia kwamba mama yake Zena bado yuko hai, na kila tukikutana sokoni hunishika mkono, akawaambia watu: “Huyu njo alikuwa analetea mutoto wangu uji.”