Mjomba Kwenye Mstari wa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha mirija ileile mara nne, hadi mkuu wa maabara akaniuliza kama naiandalia harusi. Nilikuwa mwosha vyombo mwenye elimu ya darasa la saba. Vipimo nilijifunza kwa kuchungulia, na vitabu nilisoma vile alivyovisahau mezani.

Pale Morogoro Mjini tulichunguza vipokezi vya chembe nyekundu za damu. Kipokezi ni protini iliyojitokeza kwenye utando wa chembe. Kuna vimelea vya malaria visivyoweza kuingia bila kukishika. Tuliosha chembe kwa maji ya chumvi, tukazidondoshea seramu, majimaji ya damu yenye kingamwili. Zikishikana mabonge, kipokezi kipo.

Nilipoaminiwa kupima, tulipanda milimani Kinole kuchukua damu za familia, tuone kipokezi kinavyorithiwa. Mtoto hawezi kuwa nacho kama wazazi wote wawili hawana. Lakini katika familia tatu watoto walikuwa nacho, mama na baba hawana.

Wakati huo nchi ilikuwa imefungua soko kwa wafanyabiashara binafsi. Seramu iliyokuwa ikija kwa kibali cha serikali, sasa tulinunua kwa mfanyabiashara wa mjini, na lawama zikamwangukia yeye, kwamba ametuuzia mbovu. Daktari mtafiti, bosi wetu, alishaanza kuandika barua ya kumkataa. Nasi watumishi tulikuwa tukipunguzwa, wasio na vyeti kwanza.

Nilirudia vipimo mara tatu. Seramu ilikuwa nzima. Nikafungua fomu, nikaona kosa, kwa mwandiko wangu. Kwetu Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wao. Wajomba ndio waliowaleta, wakatoa ridhaa, wakanyoosha mikono. Nami nikawaandika kwenye mstari wa baba, bila hata kufikiri.

Nilitamani kunyamaza. Nakiri hilo. Siku ya tatu nikaingia ofisini kwa daktari.

“Shikamoo daktari. Kosa si la seramu, ni langu.”

“Marahaba. Lako vipi, wewe unayesugua glasi mpaka zinalia?”

Nikamweleza. Akavua miwani. “Kwani baba zao walikuwa wapi?”

“Shambani, wanachuma karafuu.”

“Na hukuwaulizia?”

“Mjomba akishafika, daktari, baba anaitwa wa nini?”

Alicheka hadi mkuu wa maabara akachungulia mlangoni. Kisha akakunja uso. “Jumatatu unapanda mwenyewe. Niletee damu ya baba watatu.”

Kinole mjomba mmoja alinisubiri njiani. “Damu yangu imechacha, siyo?”

Damu ya wale baba ilishikana mabonge, mirija yote mitatu. Barua ya daktari ilichanwa. Orodha ya wanaopunguzwa ilipobandikwa niliisoma mara tano, sikuwemo.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa vipimo, na ninajivunia. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni fomu aliyoichora daktari wiki ile: mama, baba, mjomba. Vijana wenye shahada walikuwa wakiniuliza mstari wa mjomba ni wa nini, wakati urithi hautoki kwake. Niliwajibu kwamba msipompa mstari wake, atakaa kwenye wa baba, na mtalaumu seramu.