Kamera Iliyotolewa Kioo

Bwana arusi alivaa suti nyeusi. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikuwa pale tangu asubuhi, nilimfunga kifungo cha shingo kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kwenye foto zangu suti ile ilitoka rangi ya maharage mekundu yaliyokwisha kupikwa. Cha ajabu, suti ya msimamizi wake, aliyesimama naye bega kwa bega, ilibaki nyeusi tii.

Jumatatu mama wa bwana arusi aliingia studio yangu na bahasha ya foto chini ya kwapa. Hakukaa.

“Papa wa foto, hapa mutoto wangu alivaa suti ya nani?”

“Ni yake, mama.”

“Yake iko nyeusi. Hii sijui mulitoa wapi. Na majani nyuma ya kanisa, mbona iko ya pinki? Siye tulifunga ndoa Bunia ao tulifunga mbinguni?”

Nilimwomba msamaha, nikaazima kamera ya mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, maarusi wakavaa tena, nikawapiga upya mbele ya kanisa lile lile. Bibi arusi alicheka muda wote. Mama mkwe wake hakucheka hata mara moja.

Kosa lilianzia njiani. Wiki mbili kabla ya arusi nilikuwa nimetoka Iga Barrière kupiga foto za ubatizo. Pikipiki iliruka kwenye shimo, mfuko ukaniponyoka, kamera ikagonga jiwe. Nilimpelekea fundi wa simu karibu na soko, mtu mwenye mikono myepesi ambaye hakuwahi kukataa kazi yoyote. Siku ya tatu alinirudishia kamera, pamoja na kijibahasha chenye vipande vya kioo chembamba chenye rangi ya samawati.

“Hii kioo ilikuwa ndani, mbele ya jicho yake,” aliniambia. “Ilipasuka. Nimeitoa. Lakini kamera inawaka muzuri.”

Kamera iliwaka kweli. Sikuuliza zaidi, na hilo ndilo kosa langu.

Baada ya aibu ya arusi nilikaa na simu, nikaanza kutafuta kioo kile kilikuwa na kazi gani. Niliangukia kwenye ukurasa wa Kifaransa ambako watu walikuwa wanabishana kwa furaha kubwa. Kioo kile, walisema, kinazuia wekundu wa mwisho kabisa, ule ambao jicho la mtu linauona kwa shida. Kikiondolewa, baadhi ya nguo nyeusi na majani hubadilika rangi. Nikasema, basi, ndiyo maharage yangu hayo. Lakini waliendelea: juu mbinguni kuna mawingu makubwa ya hewa yanayowaka kwa wekundu huo huo, na kamera ya kawaida haiyaoni vizuri. Wale wazungu walikuwa wanatoa kioo kwa makusudi. Walitumia jioni nzima, kwa vifaa vya daktari, kufanya kile ambacho fundi wangu alikifanya kwa bisibisi ya simu akiwa anakula karanga.

Nilimsomea mke wangu ukurasa wote. Yeye ni mzaliwa wa Bunia, mtoto wa wafuga ng'ombe, na anaongoza kwaya ya wamama kanisani. Mimi nilikuja kutoka Butembo na begi moja, na tangu tuoane amezoea mambo yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

“Kwa hiyo kamera haikuharibika. Ilibadilisha kazi tu.”

Lenzi ndefu nilikuwa nayo tayari. Niliinunua Ariwara kwa mchuuzi aliyevuka mpaka nayo ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, nikaitumia kwa mechi za mpira na kwa kupiga maarusi bila kuwakaribia madhabahuni. Jioni ya kwanza yenye anga safi niliisimamisha uani juu ya miguu yake mitatu, nikailekeza kwenye zile nyota tatu za mstari ambazo katekista wetu alituambia ni wafalme watatu. Nikafungua jicho la kamera kwa dakika moja. Kila nyota ilitoka ndefu kama punje ya mchele. Dunia inazunguka, nami nilikuwa nimeisahau.

Kwenye ukurasa ule walieleza dawa yake: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba kama jalada la kitabu, na skrubu ndefu inayoinua ubao wa juu polepole, mzunguko mmoja kwa dakika, ili kamera ifuate nyota. Nilimpelekea seremala mchoro. Aliugeuza juu chini.

“Huu ni mulango ya kuku?”

“Ni ya nyota.”

“Basi kuku yako iko mbali,” akasema, na akaitengeneza vizuri sana. Skrubu aliipima mara mbili, sentimeta ishirini na tatu kasoro kidogo kutoka bawaba, kama nilivyomwandikia.

Maelezo ya wazungu yalisema bawaba ielekezwe kwenye nyota ya kaskazini, juu angani. Nilihangaika siku mbili nikiitafuta nyota hiyo. Halafu nikaelewa. Kwao iko juu. Kwetu hapa, karibu na mstari wa ikweta, imelala chini kabisa, nyuma ya migomba ya jirani. Mtambo wangu haukutaka kuinuliwa, ulitaka kulazwa tu, bawaba ikitazama kaskazini. Nilijivunia jambo hilo kama vile mimi ndiye niliyepachagua mahali pa Bunia duniani.

Kazi ya kuzungusha skrubu niliianza mwenyewe, nikaiharibu. Mkono wangu ulikimbia, kisha ukasimama, kisha ukakimbia tena kufidia. Mke wangu alinitazama kwa muda, akanisogeza.

“Weye hujawahi kushika mapigo. Toka.”

Alikata mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, akauchora namba kama saa, akaubandika kwenye skrubu. Akaweka saa ya mezani kando yake, akaanza kuzungusha huku anaimba wimbo kwa sauti ya chini kabisa. Dakika moja, mzunguko mmoja, bila kutetemeka. Foto ilipotokea kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nyota zilikuwa nukta. Na chini ya wafalme watatu kulikuwa na wingu, jekundu na la waridi, lenye mabawa.

Tulikaa chini kwenye mkeka, kamera katikati yetu. Halafu yeye akasema, “Fanya ingine,” na jioni ile tukafanya arobaini.

Tangu siku hiyo tuliupenda mgao wa umeme. Taa za mtaa mzima zikizimika watu walipiga kelele za kulalamika, na sisi tulikimbia kutoa mbao. Upande wa kambi ya walinda amani tu ndiko kulikobaki na mwanga, kwa hiyo tuliupa mgongo.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya amani ya wasiwasi. Risasi zilikuwa zimepungua mjini, barabara zilifunguka na kufungika, na watu waliangaliana. Mtu na mke wake uani gizani, na taa ya kichwa iliyofunikwa nailoni nyekundu, na kitu kirefu cheusi kinachotazama juu: mtaa ulianza kunong'ona. Wengine walisema tunawaonyesha njia watu wa porini. Wengine walisema tunazilenga helikopta za kambini.

Jioni moja ya mwezi wa pili, saa mbili hivi, lango liligongwa. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alikuwa pale, na nyuma yake askari watatu na afisa wao. Mke wangu hakuacha kuzungusha.

“Hii ni nini?” afisa aliuliza, tochi yake ikiwa juu ya lenzi.

“Kamera, mukubwa. Ninapiga foto ya nyota.”

“Nyota zilikuomba foto?”

Askari mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa jicho. Shefu wa avenyu, mzee mwenye koti refu, aliangalia viatu vyake. Nilianza kueleza habari ya arusi, suti, fundi, kioo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kufanana na uongo.

Mke wangu alinikatiza. “Mukubwa, zima tochi. ” Kisha akanigeukia mimi: “Piga moja, aone mwenyewe. Na mutu asitembee. Mukitembea ardhi inatikisika.”

Afisa alimtazama. Halafu akazima tochi na kuwaamuru watu wake wasimame. Nilifungua kamera. Kwa dakika nzima askari watatu wenye bunduki walisimama katikati ya kamba zetu za nguo bila kupumua, na mke wangu akaimba wimbo wake. Mmoja alikohoa. Afisa akasema, “Weye!”

Wingu likatokea. Afisa aliinama juu ya kioo kidogo cha kamera, akaangalia juu, akaangalia tena chini.

“Hii iko juu yetu sasa hivi?”

“Iko, mukubwa. Pale, chini ya zile tatu.”

“Mbona mimi sioni?”

“Hata mimi sioni. Kamera inakusanya mwanga wa dakika moja. Jicho letu halingoji.”

Afisa akampa askari mmoja bunduki yake, akapiga goti na kuomba azungushe yeye. Alizungusha kwa nguvu kama anayekaza nati.

“Polepole, papa!” mke wangu alimwambia. “Haufungi bulo ya gari.”

Foto yake ilitoka na nyota ndefu kama maharage, naye akacheka kuliko wote, akataka nyingine. Ya tatu ilikuwa nzuri kidogo. Wakati wa kuondoka alikuwa tena afisa: akasema siku nyingine tumwambie shefu kabla ya kuanza, tuwe tumemaliza kabla ya saa ya kufunga njia, ambapo mtu haruhusiwi tena kutembea. Niliitikia kila neno.

Shefu wa avenyu alilichukua agizo hilo kwa uzito. Nilipokwenda kumwarifu, aliwapitia majirani mwenyewe. “Muzime taa za nje, kuko kazi,” aliwaambia. Kisha akaja na kiti chake.

Kazi ya mwisho wa kiangazi hicho ilikuwa wingu jingine, la duara kama ua la waridi, upande wa mashariki wa wafalme, ambalo jicho halilioni kabisa. Lilituchukua jioni tano. Ya nne tuliikatisha. Milio ya risasi ilisikika mbali, upande wa kaskazini, tukaingiza kila kitu ndani na kukaa sakafuni mpaka kimya kiliporudi. Asubuhi motari, waendesha pikipiki za abiria, walikuwa barabarani kama kawaida, na jioni tulitoa mbao tena. Kompyuta yangu ya zamani iliziunganisha foto zote mchana kutwa, ikipiga mlio kama kinu.

Foto iliyotoka niliichapa kubwa. Mke wangu aliipeleka kwenye mazoezi ya kwaya kabla hata haijapata fremu, na siku iliyofuata wamama kumi na mmoja walikuja kwetu na viti, waone kwa macho yao ikipigwa. Mvua ya kwanza ya msimu nayo ilikuja. Anga lilifungwa kila upande. Nilitoka mara tatu kuangalia, nikarudi mara tatu nimelowa, nikawaambia wamama samahani, leo hakuna nyota.

“Kaa chini, papa,” mmoja aliniambia, akinisogezea sahani ya mihogo. “Siye tumeshafika.”

Walibanana kwenye baraza, foto ikapita mkono kwa mkono chini ya taa ya mafuta, kila mmoja akipangusa vidole kwanza kwenye kitenge chake kabla ya kuishika. Halafu wakaimba, kwa sababu walikuwa wengi na mvua ilikuwa kubwa, mpaka ilipopungua na wote wakakimbilia nyumbani wakiwa wamefunika vichwa kwa viti.