Wadudu wa Alfajiri

Mwezi uliopita nilipita Mvumi, nikachuma jani la mnyanya kando ya njia na kulisugua. Harufu ile, jamani! Haitoki mkononi hata unawe mara ngapi. Papo hapo nikawa tena msichana aliyemaliza darasa la saba, jina langu liko kwenye orodha ya sekondari ya Kilosa mjini, mwenyewe niko shambani.

Bibi alishasema, tena mbele ya mwalimu, kwamba nitakwenda shule nyanya zikiuzwa. Na nyanya zikaota madoa. Madoa meusi yenye ukingo wa njano, kisha jani linakauka, linadondoka. Duka la ushirika lilikwishafungwa, na bwana shamba wetu alikuwa amepunguzwa kazini. Alipokuja kuaga, bibi akamwonyesha jani. Akaligeuza, akasema, "Hawa ni wadudu, mama," akapanda baiskeli yake.

Kwa bibi, mdudu ni mwenye miguu. Nao viwavi walikuwepo, hatukukosa. Basi kila alfajiri naitwa, "Mke mwenzangu, amka. Mdudu mwenye umande hana mbio." Napita mche kwa mche, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, nageuza jani moja moja. Nikilalamika mgongo ananicheka: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenzangu walipita na masanduku yao ya bati kichwani, wakanipungia. Sikuwapungia. Nililia huku naokota, maana nilijua nisipowamaliza wale wadudu sitoki pale.

Madoa yakahama tuta hadi tuta, mpaka shamba zima likabaki vijiti. Nafasi yangu shuleni akapewa mwingine.

Safari hii nilimsimulia bibi shamba wa sasa, mama mmoja mpole. Aliniuliza kama tulikuwa tukiingia shambani majani yangali na umande. Nikamwambia kila siku. Akasema wale walikuwa bakteria, wadudu wasioonekana kwa macho. Huingilia kwenye vidonda ambavyo viwavi huacha majanini, na hupenda maji.

"Na hubebwa na mikono, dada yangu," akasema taratibu.

Shamba lile sasa ni malisho ya ng'ombe, na bibi hayupo nikamwambie. Alikufa akiamini sikuokota vya kutosha. Na mimi, miaka yote hii, niliamini hivyo hivyo.