Siku Maganga Alipozima Itifaki ya Stoo

Baba mdogo wangu Maganga ni fundi wa kompyuta katika kampuni ya mkonge hapa Kilosa. Ni Mnyamwezi, ingawa Tabora ameiona kwenye ramani tu. Babu yake aliletwa kukata mkonge, akazaa hapa, akazikwa hapa. Mtaa wetu wote wa Magomeni unamjua Maganga kwa mdomo wake, na aliyeweza kuujibu mdomo huo alikuwa mmoja tu, mtani wake Joha.

Joha ni Mzaramo wa reli. Babu yake alikuja kulaza mataruma ya njia ya treni. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni hiyohiyo, mjane mwenye watoto wawili. Maganga anamzidi umri, na wenzake Joha wote humwamkia shikamoo, lakini tangu lini Mzaramo akamwamkia Mnyamwezi? Akipita kwetu alisema, "We mpagazi, bado unajaza tumbo tu humo?" Na baba mdogo alijibu, "Pita haraka, mtumwa wangu, nisije nikakuuza kwa hasara."

Baba yake Joha alipofariki, Maganga alifika msibani analia machozi yanatiririka, akiapa haki ya Mungu kwamba marehemu ameondoka na ugoro wake yeye Maganga. Kumbe alikuwa amejipaka kitunguu machoni. Joha mwenyewe alicheka katikati ya kilio. Makaburini Maganga akajilaza ndani ya kaburi, akazuia maiti isishushwe mpaka apewe jogoo. Alipewa. Ndiyo haki ya mtani, na kwetu msiba usio na mtani ni kama mzigo wa kichwani usio na kata.

Mwaka jana, 2001, kampuni ikauzwa kwa mwekezaji. Alikuja meneja mpya kutoka Dar, Bwana Cleopa, na ikaja seva mpya. Nilimsumbua baba mdogo anieleze seva ni nini. Akasema ni mashine kubwa inayotunza kumbukumbu zote, na nyingine zote zinaiuliza. Ila haziulizi hovyo, zina itifaki.

"Itifaki ni waya?"

"Waya ni njia tu. Itifaki ni adabu ya kuongea. Mashine moja ikitoa shikamoo, nyingine lazima ijue marahaba yake. Za stoo ni kuukuu, zinajua salamu ya zamani peke yake, inaitwa IPX. Nikiizima hiyo kwenye seva, za stoo zitaamkia mpaka zichoke."

Siku aliyopewa amri ya kuizima alirudi nyumbani akasukuma sahani pembeni. Alimweleza mama mdogo Odilia, nami nilikuwa palepale nachambua mchele. Stoo inafungwa. Bwana Cleopa alimwambia hivi: "Ijumaa asubuhi uizime. Wakishashindwa kuingia, ndipo niwape barua zao za kuachishwa kazi. Wakijua mapema mali itatembea. Na wakijua, nitajua nani kasema."

"Mwambie Joha," mama mdogo akasema.

"Na kazi yangu?"

"Mwambie hivyohivyo."

Alhamisi jioni Joha akaja mwenyewe kuazima pasi. Alikuwa na habari. Binamu yake Letisia, anayefanya kazi gesti moja ya Mikumi, barabarani pale malori yanapolala, amemtafutia nafasi ya mapokezi. Mwenye gesti anataka jibu kesho asubuhi.

"Nimeshamtuma utingo wa lori amwambie sitaki," Joha akasema. "Niache ajira ya kampuni nikaandike majina ya madereva?"

"Mwahi huyo utingo," baba mdogo akasema. "Nenda Mikumi."

"Kumekucha. Mpagazi anataka kiti changu."

"Joha, kesho naizima itifaki ya mashine zenu. Mkishindwa kuingia, mnaitwa kwa meneja, mnapewa barua. Haki ya Mungu tena."

Joha akaegemea mlango akicheka. "Haki ya Mungu uliiapa hata kwa ule ugoro."

Mama mdogo akaingilia, "Shoga, msikilize, anasema kweli."

"Ameshakufundisha na wewe?"

Hapo nikamwona baba mdogo machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona akilia kweli, si siku ya utani wala siku nyingine. Joha alimtazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hicho kitunguu umekificha wapi leo? Jogoo sina." Akachukua pasi, akaondoka. Tulimsikia anacheka mpaka kwenye kona.

Yaliyofuata Ijumaa aliniambia baba mdogo mwenyewe. Nilidhani kuna swichi kubwa, kumbe hakuna. Unafungua ukurasa wa mipangilio ya mtandao kwenye seva, kuna orodha ya itifaki, na kila moja ina kiboksi chenye alama ya vema, kama mtihani wa kuchagua jibu. Unaondoa vema. Unabonyeza sawa. Bwana Cleopa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Haukupita muda simu ya ndani ikalia.

"We mpagazi, umekanyaga waya gani? Mashine yangu inasema seva haionekani. Rudisha bwana, utani una mipaka."

"Siyo utani," baba mdogo akasema.

Anasema alisikia Joha anavuta pumzi, halafu simu ikawekwa taratibu sana. Kuirudisha ilikuwa kubonyeza tu, na mkono wake ulikuwa bado juu ya kipanya. Nilimuuliza kwa nini hakubonyeza. Akaniambia nikasome.

Mchana Joha alikuwa na barua. Alipanda gari la Mikumi siku hiyohiyo, akafika amechelewa. Utingo alikuwa amefikisha ujumbe vizuri, na mapokezini alishakaa msichana mwingine. Pasi yetu alituletea mwanawe. Sasa watoto wako kwa bibi yao kijijini Kidete, na yule mkubwa hajarudi shule.

Mwezi uliopita nilifuatana na baba mdogo kwenda Mikumi. Tulimwona Joha kabla hajatuona, anakimbia kando ya basi, beseni la vitunguu juu ya kichwa, mkono mmoja unapandisha fungu dirishani. Basi likaondoka naye akabaki kwenye vumbi, fungu lake mkononi.

Baba mdogo akavuka barabara, nami nyuma yake. Alikuwa ameshajiandaa, nilimwona anaukunja uso wake wa mzaha tangu ng'ambo.

"Ee, Mzaramo, hivyo vitunguu umeiba shamba la nani?"

Wauzaji wenzake wakageuka, tayari kucheka. Joha akashusha beseni chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo, macho yake yakitazama viatu vya baba mdogo.

"Shikamoo, kaka Maganga."

Uso wa mzaha ukamtoka baba mdogo. Lori likapita, likatupiga upepo.

"Marahaba," akasema.

Joha akainua fungu moja. "Nikufungie hili, au lile kubwa?"