Nilimfundisha Mwanangu Kusema Mama Amekufa

Kosa ni langu. Natanguliza hilo kabla hujaanza kunionea huruma, maana huruma ya mtu siitaki. Mwanangu yuko kituo cha watoto yatima hapa Ifakara, anakula, anasoma, anaimba mapambio, na mama yake ni mimi, mzima kabisa, naandika haya huku nimekunja ndita. Aliyeniua ni mimi mwenyewe, na nilimtumia mtoto wa miaka sita.

Nina hasira. Nikiandika vibaya mnivumilie.

Mimi ni mkulima wa mpunga, kwetu Michenga. Mtoto nitamwita Devota, si jina lake. Baba yake yupo huko kwenye mashamba ya miwa, anakata miwa na kubadilisha wanawake. Tangu Devota anatambaa hajawahi kumletea hata kipande cha sabuni. Potelea mbali, leo si zamu yake.

Wanaolima bondeni watanielewa. Mvua zikianza unafunga nyumba, unahamia kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba, na unakaa huko mpaka uvune. Ukiondoka tu, ndege wanamaliza mpunga, na viboko wanakanyaga kilichobaki. Mtoto unaenda naye, utamwacha na nani? Sasa msimu mmoja Devota akashikwa na degedege kule kule. Maji yamejaa pande zote, mtumbwi hakuna. Nilimbeba mgongoni maji yakinifika kifuani, meno yake yanagongana sikioni mwangu, mpaka nikapata watu wa kutuvusha. Alipona. Mimi sikupona. Niliapa kwamba mtoto huyu hatalala tena dunguni.

Haya, hatalala dunguni. Atalala wapi? Mama yangu alishafariki. Dada yangu wa Namawala ana watoto tele na yeye mwenyewe anahamia shambani. Majirani wote wako bondeni. Ndipo mwenzangu mmoja wa sokoni akanidokeza kuhusu kituo cha wamisionari: watoto wanalala kwenye vyandarua, wanapimwa malaria, nyama kila Jumapili.

"Ila wanachukua yatima tu, shoga yangu," akasema.

Yatima tu! Akili yangu ikaenda mbio. Nikajiambia ni msimu mmoja, nikishavuna namfuata. Nitajifanya mama yake mdogo.

Tukaanza mafunzo pale uani, mimi napeta mchele, yeye amekalia kinu kilicholala.

"Mama yako yuko wapi?"

"Si wewe hapo!" Anacheka.

Nikamfinya. Jamani, nilimfinya mwanangu kwa kusema ukweli!

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na mimi ni nani?"

"Mama mdogo."

"Haya, lete mkono." Namwekea ubuyu kiganjani.

Alipozoea nikaona haitoshi. Nilidhani wale watu watambana kwa maswali. Nikaanza kumtega. Namkumbatia, nalainisha sauti: "Devota mwanangu, tuache utani sasa. Sema ukweli. Si mimi ndiye mama yako?" Mara ya kwanza alinirukia shingoni, "Ndiyo, mama!" Nikamfinya mpaka akalia. Nikamwambia, "Hata mimi mwenyewe nikikuambia ni mama yako, ukatae! Hata nikilia, ukatae! Umesikia?"

Akasikia. Mwanangu ana akili, sijui kazitoa wapi kwa wazazi kama sisi. Baadaye nikimtega ananiangalia tu, anatikisa kichwa, anasema mama amekufa, na mkono kashaunyoosha. Tena tulikuwa tunacheka! Tulikuwa tunacheka wote wawili, mimi na yeye.

Barua ya kwamba mtoto ni yatima niliipata bila jasho, mwenyekiti wa kitongoji hakuinua hata macho. Kadi ya kliniki yenye jina langu niliichoma jikoni. Nikajitanda kanga, nikampeleka.

Pale kituoni mkubwa ni mama mmoja mmisionari, mzungu, wote wanamwita Mama Mchungaji. Anayelea watoto ni Dada Skola, mwenyeji wa hapa hapa. Mimi nasubiri maswali. Maswali gani! Hawakuuliza marehemu kazikwa wapi, wala nani alimuuguza, wala baba yuko upande gani. Mama Mchungaji alipiga magoti mbele ya Devota, akamshika mashavu, akasema, "Pole, mpenzi. Mama yuko kwa Yesu." Walitaka yatima, nikawapa yatima.

Sasa nisikilizeni hapa. Mvua zilipokuwa zimekolea nilitoka shambani Jumapili moja kwenda kumwona. Nikakuta wageni kutoka nje, kamera, viti vya plastiki vimepangwa. Watoto wanaitwa mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Mara nasikia jina la mwanangu. Gauni jipya, viatu vyeupe, kipaza sauti kinamzidi uzito.

"Mama yangu alikufa. Aliliwa na mamba mto Kilombero. Mimi nililia sana. Sasa Yesu ndiye mama yangu."

Mamba! Mimi mamba sikumfundisha!

Nilimvuta Dada Skola pembeni nikamuuliza mamba katoka wapi. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Mama mdogo, wageni wanapenda kujua alikufaje. Mtoto hawezi kusimama pale akasema amekufa, halafu basi." Halafu basi! Yaani kifo changu kilikuwa kifupi, wakakirefusha. Wageni wanafuta machozi huku wanarekodi kwa simu, na mtoto wa watu anasimulia mama yake alivyotafunwa, na Jumapili nyingine wakija wengine atasimulia tena. Ninyi mnaosema mnapenda watoto, hamuoni aibu? Mtoto wako mwenyewe ungemsimamisha pale?

Na mimi je? Ningeweza kupiga kelele siku ile. Ningesema jamani huyu ni wangu, mimi hapa, mamba gani! Lakini mpunga ulikuwa unachanua, na ningesema angetolewa pale pale nirudi naye kwenye maji. Nikapiga makofi. Nilisimama nyuma ya viti vya plastiki nikapiga makofi pamoja nao.

Nilipovuna tu, nikaoga, nikavaa, ubuyu nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikaenda.

"Shikamoo, Mama Mchungaji. Nimekuja kumchukua Devota. Mimi si mama mdogo. Mimi ndiye niliyemzaa. Nilidanganya, nisamehe."

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyechoka. "Kila mwaka ni hivi," akasema. "Baada ya mavuno wanakuja watu. Mtoto amenenepa, anajua Kiingereza, sasa ana mama, ana baba, ana ndugu wengi."

Kila mwaka! Baada ya mavuno! Kumbe siko peke yangu. Kumbe wapo wengine waliotoka bondeni na matope miguuni wakaja kusema kama mimi, wakafukuzwa. Na mama huyu ameishi bonde hili miaka mingi, anakula mchele wetu, hajawahi kujiuliza hata siku moja kwa nini wazazi wa yatima wanafufuka mwezi wa mavuno! Angeuliza hata muuza nyanya wa pale getini angeambiwa.

Nilipiga makelele, nakiri. Wakamwita afisa wa ustawi wa jamii. Kijana mstaarabu, wala simlaumu. Akasema hakuna haja ya kugombana, mtoto ana akili zake, aulizwe.

Devota akaletwa. Amekua! Aliponiona macho yaliwaka, nusura akimbie kuja, halafu akajizuia. Akainama kidogo. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Afisa akamuuliza polepole, "Devota, mama yako mzazi yuko wapi?"

"Amekufa."

Nikapiga magoti. Nikamkumbatia, machozi yananitoka, nikamwambia, "Devota mwanangu, yale mambo yameisha. Sema ukweli. Si mimi ndiye mama yako?"

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu nilijua nimekwisha. Ni yale yale. Sauti ile ile, kumbatio lile lile, na machozi niliyomwonya habari zake.

Alinitazama usoni. Nikaona kabisa anatafuta kama natega. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mama amekufa."

Halafu, mbele ya Mama Mchungaji, mbele ya Dada Skola na afisa wa serikali, mwanangu akanyoosha mkono, kiganja juu, anatabasamu. Alikuwa amefaulu.

Wao hawakuelewa. Mama Mchungaji akasema, "Mnaona? Mtoto anamwogopa, anataka tu zawadi." Mimi nilielewa. Ningewaeleza nini? Kwamba mtoto huyu hajanisahau, ananitii?

Sasa hivi mambo yapo kwa afisa. Anasema subiri, tutafika kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji ananikwepa, maana akisema barua yake ilikuwa ya uongo, na yeye anaingia hatiani. Majirani wameahidi kuja kusema, naye dada yangu. Labda nitampata. Kwa sasa naruhusiwa kumwona Jumapili, kama mama mdogo. Magunia ya mpunga yamejaa ndani, na sina wa kumpikia.

Wewe mama wa bondeni unayesoma haya na unapanga kufanya kama mimi msimu ujao, acha! Lala na mwanao kwenye chandarua kilichotoboka, mpeleke kwa ndugu mnayegombana naye, piga magoti kwa mtu yeyote, lakini usimfundishe mtoto kukukana. Mtoto anafundishika. Utakapomtaka akukubali, atakuwa ameshajifunza vizuri.

Na ninyi wenye vituo, mtu akiwaletea yatima, ulizeni kaburi. Nendeni mkalione. Na huyo mtoto mpeni chakula, msimpe kipaza sauti.

Mtaniuliza nilifanya nini na ule mkono ulionyooshwa mbele yangu. Wote walikuwa wananitazama, na yeye alikuwa anasubiri. Sikuweza kumwambia amekosea. Nilifungua pindo la kanga, nikampa ubuyu wake.